Paka Mkubwa wa Ukoo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Ndugu mlaji, kununua mnyama si sawa na kununua redio. Redio ikiharibika hurudishwa dukani au huwekwa kabatini. Mnyama huendelea kula, kuugua na kuhitaji uangalizi hata siku ambayo mnunuzi wake ameanza kujuta. Kwa sababu hiyo, makosa yanayofanyika siku ya malipo huwa ni gharama kwa mnunuzi na mateso kwa mnyama.

Makala haya yanamhusu mlaji anayefikiria kununua paka mkubwa wa ukoo, hususan yule aitwaye Maine Coon. Tumeyaandika tukimlenga mkazi wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwa sababu mbili. Kwanza, barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari inapita mjini hapo, hivyo mnyama anaweza kuletwa kutoka jijini au kutoka nchi jirani kwa safari ya siku moja. Pili, Nyashimo ni jirani wa Pori la Akiba Kijereshi na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika mazingira hayo, si kila mtoto wa paka mwenye madoa na masikio makubwa ni paka wa kufugwa nyumbani. Jambo hili la pili tutalieleza kwa kirefu baadaye, kwa kuwa linaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani.

Paka wa ukoo ni yupi?

Wafugaji wa Kanda ya Ziwa wanalifahamu vyema neno "mbegu". Mwenye ng'ombe anayetaka maziwa zaidi hutafuta dume la mbegu, na kabla ya kutoa fedha huuliza mama wa dume hilo alikuwa akikamuliwa lita ngapi. Paka wa ukoo ni dhana hiyohiyo. Ni paka ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake wameandikwa katika daftari la chama cha wafugaji wa paka. Miongoni mwa vyama vikubwa vinavyotunza madaftari hayo ni CFA kilichoanzishwa Marekani mwaka 1906, FIFe kilichoanzishwa Ulaya mwaka 1949 na TICA kilichoanzishwa Marekani mwaka 1979.

Maine Coon ni paka wa jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, mahali penye theluji na baridi kali. Mwaka 1895 paka wa mbegu hiyo alishinda katika maonyesho makubwa yaliyofanyika jijini New York, na mwaka 1985 jimbo la Maine lilimtangaza kuwa paka wake rasmi. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 6 hadi 8, na wachache huzidi hapo. Jike huwa na kilo 4 hadi 6. Kwa kulinganisha, paka wengi wa kawaida majumbani mwetu wana kilo 3 hadi 4. Manyoya yake ni marefu, mkia ni mrefu wenye manyoya mengi, na kidevu chake ni kipana. Hukua polepole: huchukua miaka 3 hadi 5 kufikia ukubwa wake kamili. Hivyo basi, mtoto wa paka wa miezi mitatu hawezi kumthibitishia mnunuzi, kwa kumtazama tu, kwamba atakuja kuwa mkubwa.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba ukubwa si sharti la ukoo. Afrika Mashariki inayo mbegu yake inayotambuliwa duniani, nayo ni ya paka wa umbo la wastani. Inaitwa Sokoke, na asili yake ni eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Wagiriama waliwajua paka hao kwa jina la khadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi yao walianza kufugwa kwa kumbukumbu, katika miaka ya 1980 wakapelekwa Denmark, na katika miaka ya 1990 FIFe ikaitambua mbegu hiyo. Paka aliyekuwa akizurura msituni bila bei akawa paka wa hati. Mwili wake ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni kumbukumbu za wazazi wake.

Somo kwa mlaji ni hili: bei kubwa ya paka wa ukoo ni bei ya kumbukumbu. Muuzaji asiyekuwa na kumbukumbu anauza paka wa kawaida, hata kama manyoya ni marefu na picha inapendeza.

Hati inasema nini, na nini haisemi

Hati ya ukoo huonyesha jina la paka, tarehe ya kuzaliwa, rangi, jina la mfugaji, namba ya usajili na vizazi kadhaa vya wazazi. Hati hiyo haisemi kwamba paka ni mzima. Haisemi kwamba amechanjwa, wala kwamba moyo wake umepimwa. Mlaji anapooneshwa karatasi yenye muhuri na kuambiwa kuwa "huyu ana vyeti vyote", hana budi kuuliza: vyeti vya nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa Maine Coon. Mbegu hii ina ugonjwa wa kurithi unaofanya misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi, hadi chumba cha moyo kinakuwa finyu na damu haisukumwi vizuri. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walitambua kasoro ya kinasaba inayohusika na ugonjwa huo katika mbegu hii. Paka aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko aliyeirithi kwa mzazi mmoja. Mgonjwa anaweza kuonekana mwenye afya, akala na kucheza, kisha akafa ghafla akiwa bado kijana. Wengine hupooza miguu ya nyuma kwa sababu ya damu iliyoganda.

Kipimo cha kasoro hiyo kipo. Hufanywa kwa kupangusa ndani ya shavu la paka kwa kijiti chenye pamba na kupeleka sampuli maabara. Mfugaji makini huwapima wazazi kabla ya kuwapandisha, na huwapima pia moyo kwa ultrasaundi, kwa sababu kipimo cha vinasaba hakigundui kila aina ya ugonjwa huo. Kwa hiyo, mwombe muuzaji majibu ya vipimo vya baba na mama, yenye majina au namba zilezile zilizo katika hati ya ukoo. Muuzaji akijibu kwamba "wazazi ni wazima, hawajawahi kuugua", hajajibu swali.

Maine Coon pia huweza kurithi ulemavu wa nyonga, unaomfanya achechemee au ashindwe kuruka. Uzito mkubwa huongeza maumivu hayo, hivyo paka mkubwa hapaswi kuachwa anenepe ovyo.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Bei ya kununulia hulipwa mara moja. Chakula hulipwa kila siku, na paka hawa huishi takriban miaka 12 hadi 15.

Paka wa kilo 8 huhitaji takriban kalori 400 kwa siku, wakati paka wa kilo 4 hutosheka na takriban 240. Akilishwa chakula kikavu cha paka peke yake, paka huyo mkubwa atakula gramu 100 au zaidi kidogo kwa siku, sawa na kilo 3 na ushei kwa mwezi na takriban kilo 40 kwa mwaka. Kabla ya kununua, uliza dukani bei ya kilo moja, kisha zidisha kwa 40. Jibu utakalopata ni gharama ya chakula kwa mwaka mmoja. Ongeza nauli, ikiwa chakula hicho hakipatikani Nyashimo na kitabidi kuagizwa Mwanza.

Wengi watasema: kwetu ni ziwani, samaki wapo. Ni kweli kwamba samaki ni msaada mkubwa, lakini yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, paka ni mla nyama kwa maumbile. Ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa hauwezi kuwa mlo wake. Mwili wa paka hautengenezi kwa kiasi cha kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu hupofuka, au moyo wake hudhoofika.

Pili, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki wabichi peke yao kila siku anaweza kupata kizunguzungu na degedege. Pika samaki kwanza.

Tatu, minofu ya sangara isiyo na mifupa haina kalisi ya kutosha kwa mtoto wa paka anayekua kwa miaka mingi. Dagaa wanaoliwa wazima wanayo, lakini wale waliokaushwa juu ya mchanga wanapaswa kuoshwa vizuri, na waliotiwa chumvi wasitumike.

Nne, samaki peke yao hawatoshi. Changanya na nyama, maini kidogo na mayai yaliyopikwa, au tumia chakula cha dukani kama msingi wa mlo. Daktari wa mifugo atakusaidia kupanga kiasi.

Kwa gharama ya chakula ongeza chanjo za kila mwaka, dawa za minyoo, kuhasi dume au kumfunga jike kizazi, na akiba ya matibabu ya dharura. Ikiwa jumla ya gharama hizo inaingilia ada ya shule au chakula cha familia, ushauri wetu ni kutonunua.

Matunzo katika mazingira yetu

Manyoya marefu yaliumbwa kwa ajili ya theluji. Katika joto la ukanda wa ziwa, paka huyu ahitaji kivuli, nyumba inayopitisha hewa na maji safi saa zote. Mchane kwa chanuo la chuma angalau mara mbili au tatu kwa wiki. Manyoya yasiyochanwa hujisokota hadi ngozi kuvutwa na kuuma, na kupe na viroboto hujificha humo bila kuonekana.

Hapa tunatoa onyo. Simiyu ni mkoa wa ng'ombe na pamba, na dawa za kuogeshea mifugo na za kunyunyizia pamba hupatikana katika nyumba nyingi. Dawa hizo zisitumiwe kamwe kuua viroboto vya paka. Pemethrini, ambayo ng'ombe na mbwa huivumilia, inaweza kumuua paka. Vivyo hivyo parasetamoli: kidonge kimoja tu cha binadamu chaweza kutosha kumuua. Tumia dawa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya paka.

Paka mkubwa huhitaji chombo kikubwa cha kujisaidia. Beseni pana la kufulia lililojazwa mchanga hufaa. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa kuwa vimelea vya toksoplazma vinavyoweza kuwa ndani yake huanza kuambukiza baada ya siku moja au zaidi. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima katika busara ya kila mfugaji, kwani ugonjwa huo humpata paka pia, na binadamu aliyeanza kuonyesha dalili zake hufa. Paka huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu. Wakazi wa jirani na Serengeti wana sababu ya ziada ya kuchanja. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliingia hifadhini na kuua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Tukio hilo lilionyesha kuwa maradhi ya wanyama wa nyumbani hayaishii kwenye mpaka wa hifadhi.

Mwisho, paka wa bei kubwa asiachwe kuzurura. Magari ya barabara kuu, mbwa na sumu ya panya ni hatari za kila siku, na paka mgeni mwenye manyoya ya kuvutia huibwa kwa urahisi.

Mondo si paka wa kuuzwa

Ipo mbegu nyingine kubwa iitwayo Savannah. Ilianzia Marekani mwaka 1986, pale mondo alipozaa na paka wa nyumbani. Mondo ni mnyamapori wa Afrika, anayepatikana pia Serengeti. Kwa hiyo mtu anaweza kufika na mtoto wa mondo aliyeokotwa porini na kudai kwamba ni "paka mkubwa wa kizungu", tena kwa bei nafuu. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi ni ghali.

Mondo hutambulika hivi: miguu ni mirefu kuliko kawaida, kichwa ni kidogo, masikio ni makubwa ya mviringo yenye alama nyeupe kwenye mgongo mweusi wa sikio, na mkia ni mfupi wenye pete nyeusi. Maine Coon ni kinyume chake: mkia wake ni mrefu na wa manyoya mengi, na mwili wake ni mzito. Mondo aliyekomaa huweza kufikia kilo 18, na hata akilelewa kwa chupa hubaki kuwa mnyama wa porini.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kukamata, kumiliki au kuuza mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Mnunuzi naye huhesabiwa kuwa ana mnyama huyo. Ukiletewa mnyama wa namna hiyo, usinunue hata kwa huruma, kwani malipo yako ndiyo yatakayomrudisha muuzaji porini kuchukua mwingine. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) au kwa polisi.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji afuate hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Mwone paka kwa macho yako, pamoja na mama yake. Ikiwa muuzaji yuko mbali, omba mazungumzo ya video ya moja kwa moja, si picha. Picha za paka wazuri huchukuliwa mtandaoni na kutumiwa na watu wasiokuwa na paka yeyote.

2. Usitume fedha yote kwa simu kabla ya kumwona mnyama. Muuzaji anayeomba malipo ya awali, kisha ada ya sanduku la kusafirishia, kisha kodi ya uwanja wa ndege, kisha faini, ana dalili zote za utapeli.

3. Dai hati ya ukoo, kisha wasiliana mwenyewe na chama kilichoitoa kuthibitisha namba ya usajili.

4. Dai majibu ya vipimo vya moyo vya wazazi wote wawili.

5. Kagua kadi ya chanjo: tarehe, jina la chanjo, na saini ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

6. Usipokee mtoto wa paka aliye chini ya wiki 12.

7. Ikiwa paka anatoka nje ya nchi, hakikisha kuna kibali cha kuingiza mnyama kinachotolewa na mamlaka za mifugo, na cheti cha afya cha nchi anakotoka. Mnyama aliyepitishwa mpakani kwa kufichwa anaweza kuzuiliwa, na hasara ni yako.

8. Andikeni mkataba. Ueleze mbegu, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, bei, na kwamba mnunuzi atampeleka paka kwa daktari ndani ya siku tatu, na akikutwa na ugonjwa aliokuwa nao kabla ya mauzo fedha itarudishwa. Dai risiti.

Ukipotoshwa

Mnyama anayeuzwa ni bidhaa mbele ya sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu aina, ubora au asili ya bidhaa. Aliyeuziwa paka wa kawaida kwa jina la paka wa ukoo anayo haki ya kulalamika.

Tunza tangazo, ujumbe wa simu, namba za miamala, mkataba na taarifa ya daktari. Mwandikie muuzaji kwanza, ukieleza dai lako na siku unazompa kujibu. Asipojibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ikiwa muuzaji alipokea fedha na kutoweka, nenda polisi mara moja, kwani huo ni wizi wa udanganyifu. Ikiwa mnyama ni mgonjwa, usisubiri matokeo ya shauri. Mpeleke kwa daktari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha anayemfuga mnyama kumtunza, na mnyama haachi kuugua kwa sababu wanadamu wana kesi.

Hatumzuii mtu kumpenda Maine Coon. Ni paka mpole, anayezoea watu na anayestahili sifa zake. Lakini anayetafuta paka wa kufukuza panya ghalani hana haja ya hati kutoka ng'ambo: paka wa kwetu, aliyechanjwa na kushibishwa, huifanya kazi hiyo kikamilifu, na mwili wake umezoea joto letu. Anayetaka yule mkubwa na aanze kwa kufika ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Wilaya ya Busega, hapohapo Nyashimo, aulize kuhusu chanjo na matibabu yanayopatikana, kisha ndipo aanze kujadiliana bei na muuzaji.